Tupeane uzoefu: mtoto mkubwa bado anakojoa kitandani, tumsaidieje akauke usiku?

Mleta mada
Wakuu salaam. Uzi huu ni wa mtoto wa miaka saba na kuendelea ambaye bado anaamka shuka limelowa. Wa miaka mitatu minne tuwaache, umri wao bado. Hata wa mitano si ajabu: katika kila watoto 100 wa umri huo, kama 15 bado wanalowesha, na kila mwaka karibu mmoja kati ya saba waliobaki hukauka mwenyewe bila dawa. Ila mwenye miaka tisa anayekaribia kwenda bweni hana muda wa kusubiri zamu yake.

Anayechangia aje na hatua, vipimo na sababu. Habari za "alicheza na moto" na za kumtembeza mtoto mtaani na godoro kichwani tumezisikia za kutosha, hazijamkausha mtu. Fimbo nayo ikae pembeni. Aliyelala hajui hata kama mkojo umetoka, sasa unamchapa ili ajifunze nini?

Nesi_Kliniki
Umeanza vizuri mkuu. Kabla ya kununua chochote, jueni tatizo limekaa wapi kati ya sehemu tatu. Ya kwanza ni figo: usiku zinatengeneza mkojo mwingi kwa sababu homoni ya kuupunguza haipandi inavyotakiwa. Ya pili ni kibofu, ama kidogo ama chenye papara, kinajibana kabla hakijajaa. Ya tatu ni ubongo uliolala usiosikia kibofu kikiita, na hii ipo karibu kwa wote. Mambo haya hurithiwa pia. Mzazi mmoja akiwa alilowesha utotoni, uwezekano wa mtoto ni kama 4 kwa 10. Wakiwa wote wawili unafika 7 kwa 10. Muulizeni bibi yake kwanza, mtacheka.

Kupima ni kazi ya wikendi. Mtoto akojoe kwenye jagi la plastiki lenye alama za mililita, Jumamosi na Jumapili kutwa, na kila mara mwandike. Ule wa kwanza wa asubuhi uandikwe pembeni, usichanganywe na wa mchana. Halafu chukua umri, jumlisha 1, zidisha kwa 30. Wa miaka 8 anatakiwa kibofu chake kibebe kama mililita 270. Ikiwa mkojo wake mkubwa kuliko yote ya mchana ni 150 tu, kibofu ni kidogo.

Usiku mvalishe pampasi, uipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa kavu na tena asubuhi. Gramu moja ihesabu mililita moja. Pampasi kavu gramu 40, asubuhi 310, hapo mna mililita 270. Ongezeni ule wa kwanza wa asubuhi, tuseme 120, jumla 390. Kwa mtoto huyo wa miaka 8, kuanzia 350 hivi kwenda juu ni mkojo mwingi wa usiku. Rudieni usiku kadhaa, mmoja hautoshi. Daftari hilo ukienda nalo kwa daktari unamwokolea nusu ya maswali.

Mama_Wanne
Nesi, ongeza choo. Watu wanahangaika na mkojo wakati tatizo ni choo kigumu! Utumbo wa mwisho uko nyuma ya kibofu kabisa. Ukijaa, unakibana kisipanuke na kukichokoza kijibane ovyo. Dalili ni kwenda haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, choo kinene kinachoumiza, na yale madoa kwenye chupi ambayo wengi tunadhani mtoto hajui kujisafisha. Mara nyingi ni choo laini kinachopenya pembeni ya kile kigumu.

Maharage, mboga za majani, papai, chungwa na nyama zake, ugali wa dona. Baada ya kifungua kinywa akae chooni dakika tano hadi kumi, bila simu. Kama ni choo cha kukaa, mwekee kigoda miguu isining'inie. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, muombe daktari dawa ya kulainisha. Watoto wengine hukauka kwa hatua hii peke yake.

Kaka_Mkubwa
Sisi tunakata maji tu kuanzia saa kumi jioni. Si ndio njia?

Nesi_Kliniki
Kukata peke yake hapana, mdogo wangu. Mtoto anayekunywa kidogo kutwa kibofu chake hakizoei kujaa. Kazi ni kuyahamisha maji yaende mapema. Wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama lita moja hadi 1.4 kwa siku. Wa 9 hadi 13, kati ya lita 1.2 na 2.3, kutegemea mwili na joto. Kikombe kabla ya shule, chupa ya nusu lita iishe shuleni, kikombe akirudi, kingine kabla ya saa kumi na moja. Baada ya hapo ni kukata kiu tu.

Kinachoharibu mpango ni vyoo vya shule. Mtoto akiona choo kichafu hanywi ili asiende, anabana kutwa, akifika nyumbani anakunywa jagi zima la maji. Kisha saa tatu usiku anapewa chai ya rangi au uji wa kushushia chakula. Ongea na mwalimu wa darasa amruhusu kutoka bila maswali. Mtoto anatakiwa akojoe mara nne hadi saba kwa siku, ya mwisho dakika chache kabla ya kulala. Chai, kahawa na soda za kola ziondoke kabisa, si usiku tu. Zina kafeini.

Bi_Mwana (Mombasa)
Na wenye watoto wanaojizoeza kufunga: mwezi wa Ramadhani usianze kupima wala kuanza matibabu. Maji yote yanaingia baina ya futari na daku, lazima usiku uwe mbaya. Ngojeni Idi ipite.

Dawa_na_Dozi
Umegusa jambo, Bi Mwana. Nami naongeza moja kubwa kwa kila anayesoma: mtoto mwenye selimundu ASIPUNGUZIWE maji kwa sababu ya kitanda. Figo zake haziwezi kuukoleza mkojo, ndiyo maana hulowesha zaidi ya wenzake, na akikosa maji anaweza kupata maumivu makali ya ugonjwa wake. Yeye ni wa kengele ya kumwamsha mkojo ukianza kutoka, na nailoni juu ya godoro, maji anywe kama alivyoelekezwa kliniki.

Kaka_Mkubwa
Na kumwamsha saa sita usiku?

Mama_Wanne
Kunaokoa shuka, hakufundishi. Ukimbeba amelala mpaka chooni, amekojoa amelala vilevile, tofauti ni mahali tu. Ubongo wake haujaunganisha kibofu kujaa na kuamka. Mkiwa safarini au kwa wageni sawa, lakini mwamshe kweli: ataje jina la mwalimu wake, atembee kwa miguu yake. Na saa isiwe ile ile kila siku, la sivyo unazoesha kibofu kujifungua kwa ratiba.

Nesi_Kliniki
Kinachofundisha ni kengele ya mkojo. Ina kihisio kinachobanwa kwenye chupi, waya au mawimbi, na kifaa cha kulia kinachokaa begani. Tone la kwanza likigusa, inalia. Maduka mengi ya dawa hayana, wengi huagiza mtandaoni. Inafaa zaidi kwa mwenye kibofu kidogo na anayelowesha karibu kila usiku. Wa mara moja kwa wiki hana nafasi za kutosha za kujifunza.

Jinsi ya kuitumia: chupi ya kubana, kihisio mbele mkojo unapotokea, juu yake chupi ya pili isije ikateleza. Kabla ya kulala mfanye majaribio, mtoto aguse kihisio kwa kidole chenye maji, isikike, ainuke, aende chooni, amalizie, arudi. Mara tatu akiwa macho. Usiku ikilia, mzazi ndiye anayewahi, kwa sababu wiki za mwanzo nyumba nzima itaamka isipokuwa yeye. Usiizime wewe. Mwamshe aizime mwenyewe, aende kumalizia mkojo, abadili chupi, afute kihisio, akivae tena.

Wapi watu hukwama: jasho. Kwenye joto la Dar kihisio kinalia bure, watu wanakata tamaa. Weka kitambaa chembamba cha pamba kati yake na ngozi, fungua dirisha au washa feni. Betri iliyochoka inalia kwa sauti ya mbu. Na kosa kubwa kuliko yote, kuiacha baada ya wiki moja. Hadi wiki ya nne usitafute usiku mkavu, tafuta doa dogo kuliko la awali, kengele kuchelewa kulia kuliko mwanzo, mtoto kuamka bila kuvutwa. Ukiziona, endelea mpaka apate usiku 14 mfululizo mkavu. Kwa kawaida ni miezi miwili mitatu. Usipoona hata moja kwa wiki nne, isimamishe, ijaribu tena baadaye. Kama theluthi mbili ya watoto hukauka wakiwa nayo. Baadhi hurudi nyuma wakiiacha, nao huanza upya tu, mara nyingi huwa haraka zaidi.

Zawadi? Mpe kwa anachokiweza: kwenda chooni kabla ya kulala, kuinuka kengele ikilia, kusaidia kutandika. Usiku mkavu hauko mikononi mwake, usiununue.

Dawa_na_Dozi
Dawa ni desmopressini, inayofanya kazi ya ile homoni ya kupunguza mkojo iliyopungua, na inawafaa hasa wale wa mkojo mwingi wa usiku. Huandikwa na daktari. Kidonge cha kumeza huanza na mikrogramu 200 wakati wa kulala, ikibidi 400. Cha kuyeyuka chini ya ulimi ni 120 au 240. Usibadilishe kimoja kwa kingine kwa kuangalia namba. Ya kupuliza puani haitumiki tena kwa kazi hii, imeonekana kuwa na hatari zaidi.

Sharti lake ni moja na halina mjadala. Kuanzia saa moja kabla ya dozi mpaka yapite masaa 8, mtoto asinywe zaidi ya mafunda machache. Figo zimefungwa, maji yakiingia yanabaki mwilini na kuizimua chumvi ya damu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa, hatimaye degedege. Akiharisha, akitapika au akiwa na homa, usiku huo dawa hakuna. Anayekula daku naye hapana. Kila miezi mitatu hupumzishwa wiki moja kuona kama bado inahitajika. Inazuia haraka, ndiyo sababu ni nzuri kwa kambi au wiki za mwanzo za bweni, ila ukiacha wengi hurudia.

Kuna na imipramini, dawa ya zamani na rahisi kwa bei. Vidonge vichache vya ziada vinaweza kusimamisha moyo wa mtoto mdogo anayevikuta kabatini. Mimi siipendekezi kama kuna kitu kingine.

Nesi_Kliniki
Wapo wa kwenda hospitali kwanza, hata kengele wasiguse: aliyekuwa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, mwenye kiu isiyokwisha na anayekonda (hiyo huenda ni kisukari, aende siku hiyo hiyo), anayesikia maumivu akikojoa, anayelowa mchana, anayekoroma na kukabwa usingizini. Damu mwishoni mwa mkojo kwa mtoto anayecheza mtoni au kwenye madimbwi, hasa Unguja, Pemba na mwambao, ni kichocho mpaka kipimo kiseme vingine. Na aliyeanza ghafla huku amekuwa mwoga wa mtu fulani, muulizwe faraghani, taratibu.

Matroni_Bweni
Kwa wanaoenda bweni. Mwambieni matroni kabla ya siku ya kuripoti, si kwa barua ya kupita mikononi mwa wanafunzi. Mtoto apewe kitanda cha chini karibu na mlango, tochi ndogo, na sanduku lenye kufuli la nguo za usiku. Kitanda kitandikwe mara mbili: nailoni nzito, shuka, nailoni, shuka. Usiku akilowa anavuta mbili za juu, analala tena, dakika moja, hakuna taa. Aamshwe kabla ya wengine, aoge kwa sabuni. Harufu ndiyo inayomtangaza mtoto, hasa ya nguo zilizofichwa.

Shuka lisuuzwe kwa maji baridi kwanza, ndipo sabuni. Jiki isimwagwe juu ya shuka lenye mkojo: mkojo una amonia, vikikutana hutoa gesi inayochoma macho na kifua. Godoro la sponji lililoingia mkojo likandamizwe na taulo kavu mpaka lisitoe maji, lipakwe siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, lisimamishwe juani pande zote mbili. Livishwe nailoni likiwa limekauka mpaka ndani, maana unyevu ukifungiwa humo unaota ukungu.