Bustani baada ya usiku wa jalidi

Kikundi cha familia, Jumamosi

Zawadi (saa 12:40 asubuhi)
Shikamooni wazee wangu. Nimefungua mlango nikakuta bustani yote imekuwa nyeupe. Jalidi imeanguka usiku, nayo imetuwahi, maana majani ya miti ndiyo kwanza yameanza kupukutika na nyanya hatujavuna hata nusu. Mrehani umekuwa mweusi kana kwamba umemwagiwa maji ya moto, na mboga ya maboga imelala chini yote. Nianzie wapi?

Shangazi (saa 12:52 asubuhi)
Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kwanza usianze popote. Ngoja jua lipande na jalidi iyeyuke yote, kwa sababu kabichi na sukuma wiki zikiwa zimeganda huwa ngumu na dhaifu kama kioo, na kila mahali utakapoliminya jani patabaki doa jeusi. Ukiziacha ziyeyuke zenyewe, kufikia saa nne zitakuwa zimesimama tena, nawe utashangaa. Tumia muda huu kutafuta masanduku, magazeti makavu na mkasi wa bustani.

Baba Mdogo (saa 1:05 asubuhi)
Nimeona picha alizotuma Zawadi. Kwa kuwa nina nafasi leo tu, naona tung'oe kila kitu, tukusanye mahali pamoja na tuchome moto, ili bustani ibaki safi mpaka msimu ujao. Jalidi imekwisha kutuamulia, Dada. Hakuna cha kuokoa pale.

Shangazi (saa 1:21 asubuhi)
Ndugu yangu, nakushukuru kwa kujitolea siku yako, lakini nakuomba sana tusifanye hivyo. Mimea iliyolala mle haikuuawa na kitu kimoja. Mingine ilikuwa mizima hadi jana jioni, jalidi ikaiua kwa usiku mmoja, na hiyo ni chakula cha udongo wetu. Mingine ilikuwa inaumwa tangu wiki tatu zilizopita, na baridi imeikuta ikiwa tayari imebeba ugonjwa ambao hauishi kwa sababu tu shina limekufa. Tukichoma yote, tunapoteza ile mizima, kwa kuwa sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo huondoka na moshi. Tukiozesha yote, tunautunza ugonjwa ndani ya mboji na kuurudisha kwa mikono yetu wenyewe. Kwa hiyo kazi ya leo ni kuchambua, na kila mmea tuutazame kabla hatujaukata.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mwaka jana kosa hilo nililifanya mimi. Nilikuwa na haraka, nikatupa mashina yote ya nyanya katika rundo la mboji bila kuyaangalia, na mboji ile ile ndiyo niliyoitandaza kwenye matuta kabla ya kupanda. Mnakumbuka jinsi majani ya chini yalivyoanza kuwa na madoa ya kahawia kabla nyanya hata moja haijaiva.

Jabali (saa 1:30 asubuhi)
Shikamoo Shangazi. Mimi bado sijaelewa jambo moja. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 3 za sentigredi saa kumi na moja alfajiri, na maji huganda kwenye nyuzi 0. Jalidi imetoka wapi?

Shangazi (saa 1:44 asubuhi)
Marahaba. Swali lako ni zuri, na jibu lake litakusaidia kupanga matuta ya mwaka ujao. Jana usiku anga lilikuwa wazi, halikuwa na wingu hata moja, na upepo ulikuwa umetulia. Usiku wa namna hiyo ardhi na majani hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani, kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia, na jani hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Kipimajoto chako kimetundikwa usawa wa kifua, tena kwenye ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, ilhali jani la boga liko karibu na udongo. Zaidi ya hayo, hewa baridi ni nzito, kwa hiyo huteremka kama maji na kutuama mahali palipo chini. Nenda ukatazame: naamini matuta ya bondeni yameungua yote, na yale ya karibu na ukuta yamepona kwa kiasi.

Zawadi (saa 1:50 asubuhi)
Ndivyo ilivyo, Shangazi. Pilipili hoho tatu zilizo chini ya ukuta bado ni za kijani kabisa, na zile za chini zimelegea zote.

Shangazi (saa 1:58 asubuhi)
Basi zile tatu zifunikeni kwa shuka kabla jua halijazama, shuka ifike hadi ardhini ili izuie joto la udongo lisitoroke, na asubuhi mzifunue. Jalidi ya mapema mara nyingi hufuatwa na siku kadhaa za joto, na pilipili zinaweza kupata wiki nzima ya ziada.

Bibi (saa 2:10 asubuhi)
Wajukuu zangu, msing'oe maharage. Yakateni usawa wa udongo na kuiacha mizizi humo humo.

Jabali (saa 2:14 asubuhi)
Shikamoo Bibi. Mizizi ya mmea uliokufa ina faida gani?

Bibi (saa 2:22 asubuhi)
Marahaba. Chimbua shina moja tu, taratibu, uione mwenyewe. Utakuta vinundu vidogo kama punje za ulezi vimeshika mizizi. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Ukiiacha mizizi ikaoza pale ilipo, kilichomo hubaki katika tuta, na njia zilizochimbwa na mizizi hupitisha maji na hewa.

Zawadi (saa 4:05 asubuhi)
Jalidi imeyeyuka. Sukuma wiki zimesimama kweli, Shangazi, kama ulivyosema. Sasa niko kwenye nyanya. Kuna ambazo mabega yake yamekuwa kama kioo, unaona maji ndani ya ngozi, na nikizigusa zinabonyea. Nyingine zilizojificha chini ya majani ni ngumu na hazina alama yoyote.

Shangazi (saa 4:19 asubuhi)
Hizo zenye mabega ya kioo zimeganda. Maji yaliyo ndani yake yaligeuka vipande vya barafu, barafu ikapasua seli, na sasa yanavuja ndani kwa ndani. Kufikia kesho zitaanza kuoza, na moja ikioza sandukuni huambukiza jirani zake. Ziondoe bila huruma. Zile ngumu zisizo na alama zigawe mafungu mawili. Zilizofikia ukubwa wake na kuanza kung'aa, hasa zenye rangi iliyopauka kidogo kwenye kitako, zitaiva ndani ya nyumba. Zile ndogo za kijani iliyokolea haziwezi kuiva hata mkizisubiri mwezi mzima, kwa hiyo zikaangeni au mziweke kwenye siki mara moja.

Za kuivisha zipangusweni zikauke, mzipange safu moja juu ya gazeti bila kugusana, na mziweke mahali penye joto la kati ya nyuzi 13 na 21. Hazihitaji jua. Mkitaka ziharakishe, wekeni kando yake ndizi mbivu au tufaha, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoamsha kuiva. Msiziweke kwenye jokofu, maana baridi yake huzima kabisa kazi hiyo. Kila baada ya siku mbili mtu azikague.

Jabali (saa 4:26 asubuhi)
Na zile nyekundu ambazo hazijaharibika, lakini zimo kwenye mashina yaliyokufa? Nilifikiri tuzisindike kwenye chupa kwa ajili ya majira ya baridi.

Shangazi (saa 4:33 asubuhi)
Hapana, mwanangu, hapo naomba mnisikilize kwa makini. Nyanya iliyobaki kwenye shina lililouawa na jalidi hupungukiwa na asidi, na asidi ndiyo inayozuia bakteria wa sumu ya botulini wasikue ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa. Chupa inaweza kuonekana nzuri na kunukia vizuri huku ikiwa na hatari ndani. Nyanya nzima zilizovunwa leo mnaweza kuzila mbichi, kuzipika mchana huu au kuzigandisha kwenye friza, lakini za kusindika kwenye chupa ziwe zile tu zilizovunwa kabla ya jana usiku.

Baba Mdogo (saa 5:02 asubuhi)
Nimefika, na nimesimama kwenye tuta la nyanya nikiwa na toroli. Dada, nitajuaje lipi liliuawa na baridi na lipi lilikuwa linaumwa? Mimi naona yote ni meusi.

Shangazi (saa 5:11 asubuhi)
Inama, ndugu yangu, utazame majani ya chini kabisa, yale ya kwanza kuzeeka. Jalidi hupiga juu kwanza, na weusi wake ni wa jani zima, umelowa na kulegea, hauna mpaka. Ugonjwa wa bakajani mapema huanzia chini, na alama yake ni doa kavu la kahawia lenye pete ndani ya pete, kama zile unazoziona kwenye gogo lililokatwa kwa msumeno, mara nyingi likizungukwa na umanjano. Ukiliona doa hilo, shina lote, majani yote na matunda yaliyoanguka chini yake viingie mfukoni na kutoka bustanini, au vizikwe shimo refu mbali na matuta.

Baba Mdogo (saa 5:24 asubuhi)
Nimeziona pete. Ziko kwenye mashina tisa kati ya kumi na mawili, na kwa kweli nilikuwa nimekwisha kuyapakia matano kwenye toroli kuelekea kwenye mboji. Nimeyashusha. Lakini nimewahi kusikia kwamba rundo la mboji huua magonjwa kwa joto lake.

Shangazi (saa 5:37 asubuhi)
Huua likifika nyuzi 55 na kukaa hapo kwa siku kadhaa, tena likigeuzwa mara kwa mara ili kilichokuwa nje kiingie katikati. Rundo letu ni dogo, na majira haya ya baridi hupoa haraka. Ukitia mkono katikati yake leo utahisi uvuguvugu tu. Kwa hiyo lisipewe kazi lisiyoiweza. Lipewe mashina ya maharage, ya maboga yasiyo na ukungu, mrehani na majani makavu ya miti yakichanganywa vizuri na hayo mabichi, na magugu ambayo hayajatoa mbegu. Yenye mbegu yafuate njia ya nyanya zinazoumwa.

Vijiti vya kuegemezea nyanya pia msiviweke stoo hivi hivi. Visugueni matope yaishe, kisha mvipanguse kwa spiriti, pamoja na makali ya mkasi. Na mwaka ujao tuta hilo lisipandwe nyanya, wala viazi mviringo, wala biringanya, wala pilipili, kwa kuwa zote ni ukoo mmoja. Liachwe miaka mitatu likipandwa ukoo mwingine.

Zawadi (saa 7:15 mchana)
Maboga tumepata kumi na moja. Tumeyakata tukiacha kikonyo chenye urefu wa vidole vinne, kama ulivyotufundisha mwaka juzi. Mawili yana sehemu laini zilizolowa kwenye ganda. Viazi vitamu na viazi mviringo tuvichimbe vyote leo?

Shangazi (saa 7:23 mchana)
Hayo mawili yaliwe wiki hii, kwa sababu hayatakaa. Mengine yawekeni mahali pakavu na penye joto kwa siku kumi ili ganda lifunge, kisha myahamishie penye ubaridi kidogo.

Viazi vitamu vichimbeni leo leo, msilale navyo, kwa maana marando yakishauawa na jalidi uozo huteremka kupitia shina mpaka kwenye kiazi. Viazi mviringo ni kinyume chake: udongo umevikinga, na vikikaa humo wiki mbili baada ya majani kufa, ngozi yake hukomaa na haitachubuka mkivichimba. Karoti msiziguse kabisa. Baridi huzifanya zigeuze wanga kuwa sukari, na hata sukuma wiki mtaziona tamu kuliko za mwezi uliopita. Zifunikeni karoti kwa nyasi kavu nene, mkazichimbue kidogo kidogo kadiri mnavyozihitaji.

Bibi (saa 9:40 alasiri)
Tuta la maharage sasa liko wazi. Naomba nipandiwe vitunguu saumu hapo kabla udongo haujaganda. Punje zikae ncha juu, kina cha vidole vitatu, na kati ya punje na punje paache kiganja. Kitunguu saumu kisipopata baridi hakigawanyiki punje.

Baba Mdogo (saa 10:30 jioni)
Mama, vimepandwa, mistari minne. Dada, matuta mengine yote tumeyafunika kwa majani makavu, unene wa sentimita 10 hivi, ili mvua isiupige udongo ulio uchi. Mabua ya maua ya pembeni nilitaka kuyafyeka, Zawadi akanizuia kwa sababu yako wazi ndani na nyuki wadogo hulala humo wakati wa baridi, nimeyaacha. Mifuko ya nyanya zinazoumwa iko langoni, imefungwa, na mpira wa maji tumeumwaga usije ukapasuka.

Shangazi (saa 10:41 jioni)
Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Zawadi, shuka ya pilipili?

Zawadi (saa 11:55 jioni)
Imefika hadi ardhini, Shangazi, na nimeibana kwa mawe pande zote nne. Anga ni wazi tena.