Tupeane uzoefu: uliwahi kuvaa uhusika wa mtu wa historia, au filamu ikakubadilishia sura yake?

Mleta mada

Wakuu, hili jambo nimelibeba miaka mingi, leo nalitua.

Nikiwa kidato cha tatu nilipewa nafasi ya Kinjeketile, yule mtume wa vita vya Maji Maji dhidi ya Mjerumani, kwenye ule mchezo wa Ebrahim Hussein wa mwaka 1969. Msidhani ni kipaji. Nilikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yangu ilishavunjika wakati wenzangu bado wanalia filimbi. Basi, nikawa mtume.

Kisa mnakijua. Masimulizi ya wazee wa Ngarambe, kule Rufiji, yanasema pepo Hongo alimzamisha Kinjeketile bwawani, ndugu zake wakamtafuta mpaka wakakata tamaa, na kesho yake akaibuka nguo zake zikiwa kavu. Hapo kwenye ukavu ndipo penyewe. Mtu akilala chini ya maji akatoka mkavu, utabishaje akikwambia maji yake yanazuia risasi za Mjerumani?

Mto wetu ulikuwa shuka la buluu lililoshikwa na vijana wawili wa kidato cha kwanza. Nikajitosa, nikatambaa chini yake mpaka nyuma ya pazia, nikatulia nikisubiri zamu yangu ya kuibuka. Kijana wetu wa vifaa, mtu wa bidii sana, akanitazama juu hadi chini, akaona haiwezekani mtu atoke mtoni hivi. Akanimwagia ndoo nzima.

Nikaingia jukwaani nachuruzika. Kaniki imenigandia mapajani, meno yanagongana, na hapo natakiwa kunena kwa sauti ya aliyetumwa na mizimu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwalimu wa historia, mstari wa mbele, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kilichonikaa zaidi ni cha baadaye. Mwisho wa mchezo niko jela, mashambulizi ya boma la Mahenge yameshindikana, watu wamekwisha, na Mjerumani anataka nitamke kwamba maji yalikuwa uongo. Nikakataa. Nilikuwa naipenda sehemu ile kuliko zote. Siku moja maktaba nikasoma kwamba Kinjeketile mwenyewe alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Vikaendelea mpaka 1907 yeye hayupo. Kushindwa hakukuona, na lile swali la jela hakuna aliyemuuliza kwa namna ile. Hussein alishaeleza kwamba mtu wake wa jukwaani na yule wa historia wanafanana matendo ila si mtu mmoja, lakini kwa umri ule nani alikuwa anasoma maelezo ya mwandishi?

Mpaka leo nikisikia Maji Maji, ninayemwona ni mimi, nimelowa. Na wewe je? Tupeane uzoefu.

Mpwa_wa_Mjomba

Hahaha, ndoo nzima! Pole mkuu.

Sisi nyumbani Idi Amin alikuwa na sura moja tu: Joseph Olita, yule mwigizaji wa Kenya aliyecheza ile filamu ya mwaka 1981. Mkanda wa video ulirudiwa mpaka picha ikawa na theluji. Amin alipofariki Saudi Arabia mwaka 2003, gazeti likaletwa nyumbani lina picha yake ukurasa wa mbele. Nikaitazama, nikasema kwa uhakika kabisa, "Wamekosea, huyu si Amin." Sikuwa mtoto mdogo, aibu ilikuwa yangu.

Baadaye ikaja ile ya mwaka 2006, ya Forest Whitaker, iliyompa Oscar. Tukaenda kumwekea mjomba, ambaye alipigana vita vya Kagera na akaingia Kampala mwaka 1979 kwa miguu. Mjomba akakaa wima kama yuko gwaride. Akasifia Kiswahili cha yule Mmarekani, akasifia vicheko, akasema hata ukaaji wa kwenye kiti ni wenyewe. Yule daktari kijana wa Kiskoti tukamwambia ni wa kubuni, hakuwahi kuwepo, akasema sawa, hadithi lazima iwe na mtu wa kukimbia.

Filamu ikafika Entebbe, ile ndege iliyotekwa mwaka 1976, daktari akaponyoka, maandishi ya mwisho yakaanza kupanda. Mjomba akageuka, akaniuliza taratibu:

"Sisi tunaingia saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia labda kuna sehemu ya pili.

Dada_wa_Pazia

Hiyo ya mjomba imenichoma, jamani.

Yangu ni ya Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau wa Kenya. Shule ya wasichana watupu, kwa hiyo hakimu msichana, askari wasichana, na mimi Dedan Kimathi. Ni ule mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo wa mwaka 1976, sisi tuliucheza kwa Kiswahili. Rasta zangu zilikuwa za katani, zimeshonewa kwenye soksi kuukuu ya kuvuta kichwani. Katani ikikutana na jasho, mtu wangu, hutamani uhuru wa nchi, unatamani uhuru wa kichwa.

Mwalimu aliyetuongoza alinipa ile picha ya Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956. Amelala, mikono ina pingu, anamwangalia mpiga picha. Akaniambia nisikariri maneno kwanza, nikariri hayo macho. Wiki nzima nilikuwa nawaangalia wenzangu bwenini hivyo hivyo mpaka wakanishtaki kwa matroni.

Sasa mchezo unafunguka mahakamani. Hakimu anasoma shtaka la kukutwa na bastola, Kimathi kimya. Anarudia, kimya. Ukimya ndiyo jibu lenyewe, umeandikwa. Ila dada aliyeshika kitabu nyuma ya pazia siku hiyo alikuwa mgeni, akajua nimesahau. Akaanza kuninong'oneza mistari ya mbele huko. Nikabaki kimya. Akapandisha sauti. Ukumbi mzima unasikia, hakimu anasikia, mimi macho yale yale. Mwisho akasema kwa sauti ya kukata tamaa: "We Kimathi, sema basi!"

Mnajua watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo? Walishangilia. Tukaambiwa baadaye kwamba wazo la sauti ya wananchi kutoka gizani lilikuwa la kisanaa sana.

Na mimi niliumia kama mleta mada nilipokua. Kumbe kwenye kesi ya kweli Kimathi alizungumza. Alijitetea, akasema alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Wakamnyonga hata hivyo, Februari 18, 1957, Kamiti. Kimathi wangu hangesema maneno hayo ya kujisalimisha hata kwa dawa. Nilikaa na hilo nikajiuliza: nimpende yupi, wangu au wao? Maana mtu anayetetea roho yake mbele ya kamba ana haki ya kusema lolote.

Mwl. Chaki

Yule wa mstari wa mbele aliyeshika kichwa ningeweza kabisa kuwa mimi. Nafundisha historia. Kila nikisahihisha karatasi nakutana na Kinjeketile aliyeishi kuona Mahenge ikishindikana. Nikiweka mkasi mwekundu, mwanafunzi ananiletea kitabu cha fasihi: "Mwalimu, imeandikwa." Wala si mjinga. Kweli imeandikwa.

Tena msifikiri ni sisi tu. Mchukueni Mfalme Richard III wa Uingereza. Aliuawa vitani mwaka 1485 na waliomwangusha, kisha Shakespeare akaja kuandika juu yake chini ya Malkia Elizabeth, ambaye ni mjukuu wa kiongozi wao. Ulitarajia nini? Akampa kibyongo na mkono uliokauka, na dunia ikamjua hivyo kwa miaka zaidi ya 400. Mwaka 2012 wakachimba chini ya maegesho ya magari mjini Leicester wakampata. Uti wa mgongo umepinda kweli kwenda upande, bega moja lingekuwa juu kidogo. Kibyongo hakuna. Mikono yote mizima.

Yeye amekufa zamani, sawa. Ila kuna William Murdoch, ofisa wa meli ya Titanic. Filamu ya mwaka 1997 ikamwonyesha anapokea rushwa, anapiga abiria risasi, kisha anajiua. Hakuna aliyewahi kuthibitisha hayo. Mjini kwao Dalbeattie, Uskoti, anakumbukwa kama shujaa, na ndugu zake walikuwa hai wakitazama. Mwaka uliofuata bosi mmoja wa studio ilibidi afunge safari mpaka pale, akaomba radhi na kutoa pauni 5,000 kwa shule ya mji ule. Filamu ilikwishatazamwa na dunia nzima. Sasa radhi ile imefika wapi?

Ndiyo maana nashika kichwa.

Mpwa_wa_Mjomba

Mwalimu nakuelewa, ila bila ule mchezo jina la Kinjeketile wangapi tungelijua? Kwenye kitabu cha historia alikuwa na aya moja, nayo nusu yake ni ya gavana wa Kijerumani.

Mwl. Chaki

Aya mbili. Lakini umenipata.

Kifo_Mara_Nne

Mimi sikuwa na jina wala mstari wa kusema. Nilikuwa wale wa kujaza uwanja, filamu ya mambo ya Mjerumani, siwataji maana malipo yetu yalichelewa mno na sitaki kesi.

Asubuhi nilikuwa mpiganaji wa Maji Maji. Kifua wazi, mtama kichwani, mkuki. Tumepangwa kama sabini, kamera tayari, mara dada wa vipodozi akapiga kelele. Amepita mstari akagundua wote tuna alama ya chanjo begani. Vile vijishimo. Mashujaa wa 1905 wote wamepitia kliniki ya watoto! Wakaleta ndoo ya udongo mwekundu, kila bega likapakwa. Jua likawaka, udongo ukakauka, ukaanza kukatika vipande vipande, na kila tukikimbia tunaacha mabega yetu njiani. Nadhani tulirudia mara sita.

Nilikufa mara nne. Ya kwanza nilianguka vizuri nikaambiwa nimeanguka kabla ya mlio. Ya pili nilianguka juu ya siafu, nikafufuka. Mchana wakapungukiwa askari wa Kijerumani, si Wazungu, wale askari wenzetu weusi wa jeshi lao. Wakanivua kaniki, wakanipa kaki na tarbushi, nikasimamishwa upande wa bunduki. Jioni ile ile nikawapiga risasi watu wa asubuhi, nami nikiwemo kwa hesabu.

Niliporudi kulala nilitulia. Mpaka siku hiyo niliposikia "askari wa Mjerumani" nilikuwa naona Mzungu mwenye masharubu. Haikunijia kwamba wengi wao walikuwa na sura kama yangu. Darasani tulisomeshwa, sikatai. Lakini ile kofia ilikuwa ya joto na ilinitosha vizuri.

Nyota_Njema

Yangu fupi. Nilikuwa naamini Sarafina alikuwepo. Soweto, Juni 16, 1976, ni kweli tupu, wanafunzi walipigwa risasi kweli, Hector Pieterson alikuwa na miaka 12. Lakini Sarafina mwenyewe wa jukwaani na wa filamu ya 1992 ni wa kutungwa. Nilijibu kwenye mtihani kwamba ni kiongozi wa mapambano ya Afrika Kusini. Nikamwandikia na sifa tatu.

Mwl. Chaki

Sitaki kujua ni mtihani wa mwaka gani, dada. Huenda nilisahihisha mimi.

Maiti_ya_Kaizari

Mbona mnasahau wafu? Mimi nilicheza Kaizari, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare. Nikaringa mwezi mzima, mchezo una jina langu! Kufika kwenye mazoezi nagundua nauawa katikati, halafu kazi inayobaki ni ya kulala.

Kaizari wa kweli, Machi mwaka 44 KK, wanahistoria wa kale wanasema alichomwa majeraha 23. Sisi tulikuwa na wauaji saba wenye rula za mbao zilizofungwa karatasi ya sigara, na mmoja alinichoma kwa dhati kwa sababu ya deni. Mmoja wao, Plutarch, anasimulia kwamba Kaizari alipomwona Bruto naye amechomoa, alijifunika uso kwa vazi lake, akaacha kupambana. Mimi shuka langu lilikuwa fupi. Nikifunika uso, miguu na bukta ya shule vinaonekana. Nikachagua bukta isionekane.

Hilo lilikuwa kosa, maana inakuja hotuba ya Antonio. Mnaijua urefu wake. Nimelala uso wazi, na inzi akatua kwenye mdomo wa juu. Akatembea. Akaingia puani kidogo, akatoka, kama anakagua nyumba ya kupanga. Antonio anawaliza Warumi, anaonyesha matundu ya vazi langu moja moja, mimi machozi yananitoka kwa kuzuia chafya. Mama mmoja mstari wa pili akasema, "Maskini, analia jamaa."

Chafya ilitoka kwenye wosia. Antonio, Mungu ambariki, alisema, "Hata roho yake inasikitika," akaendelea. Mstari huo haumo kwa Shakespeare wala kwa Nyerere.

Dada_wa_Pazia

Nimecheka mpaka jirani kabisha hodi.

Fundi_Taa

Nimesoma kimya kimya, ila ya mleta mada sikuweza kuipita. Mimi nilishika taa miaka kadhaa, na huo mchezo tuliwahi kuucheza. Suala la kutoka mtoni mkavu lilitusumbua vile vile. Mwongozaji wetu alitafuta mapacha. Mmoja alizama, tena tukamlowesha makusudi, ukumbi ukauona mkono wake ukitoka juu ya shuka unachuruzika maji. Nikazima taa. Nilipowasha, upande wa pili wa jukwaa amesimama mwenzake, kaniki ile ile, mkavu mpaka vumbi la miguuni. Hatukuwaambia watu kwamba wako wawili.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia tu viti vikilia, watu wakisogea nyuma.

Mleta mada

Mapacha! Na shuleni kwetu walikuwepo, wakorofi, tuliwapa kazi ya kushika shuka.

Fundi, hebu niambie, yule aliyelowa mlimficha wapi mpaka mwisho?

Fundi_Taa

Alikuwa chini ya shuka muda wote. Alishikwa na mafua wiki nzima, akawa anasema Kinjeketile wa kweli ni yeye.