MJADALA: Mzazi akizeeka abaki kwake, ahamie kwa watoto, au apelekwe makao ya wazee?

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linatokea sana hapa Dar na nataka tuliongee wazi maana kwenye familia zetu ukiligusa tu watu wanabadilisha mada. Tunawahamisha wazee bila kuwauliza.

Angalieni Kariakoo na Ilala. Mzee ana nyumba ya zamani ya vyumba sita, analala chumba cha mbele, vingine kapangisha, kodi ndo inamlisha. Watoto wanakaa kikao, anakuja mnunuzi au mtu wa kujenga kwa ubia, nyumba inavunjwa lisimame ghorofa, na mzee anajengewa kanyumba Chanika huko au Mbagala ya ndani ndani. Kwenye makaratasi kila mtu kafaidika. Sasa nenda kamwangalie huyo mzee ikishapita miezi kadhaa. Msikiti aliokuwa anauendea kwa miguu haupo, baraza la kahawa halipo, yule jirani ambaye akiona mlango haujafunguliwa mpaka saa mbili anakuja kugonga naye hayupo, na kliniki yake ya presha na sukari ipo mjini kwahiyo anatakiwa apande gari mbili kwenda na mbili kurudi, mwisho anaacha kwenda anakaa nyumbani na dawa za kuazima. Kodi nayo hamna tena, sasa kila akitaka hata vocha lazima apige simu kuomba, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa anaombwa yeye.

Na upande mwingine ni hivyo hivyo. Mama katolewa Kagera au Kilimanjaro kaletwa Kimara hapa Dar "apumzike". Kijijini alikuwa na migomba, kuku, jumuiya yake, kikoba, watu wa kusalimiana nao njiani. Huku anashinda ndani ya geti na dada wa kazi na TV mpaka watoto warudi saa tatu usiku wamechoka. Ndani ya muda mfupi anaanza kuuliza lini anarudi, na sisi tunasema mama ana usumbufu.

Hoja yangu ni hii, msaada umfuate mzee alipo, mzee asiwe ndo anaufuata msaada. Na akihama iwe yeye kaamua, akiwa bado na nguvu na akili yake.

Najua kuna watakaosema serikali ijenge makao kila mkoa. Sensa ya 2022 ilikuta watu wa miaka 60 na kuendelea ni karibu milioni 3 na nusu, yaani asilimia 5.7 ya Watanzania wote. Makao tuliyonayo, Nunge pale Kigamboni, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Bukumbi kule Misungwi, Fungafunga Morogoro na mengineyo, ni ya wasio na ndugu wala uwezo, na baadhi yake yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Wanaohudumu humo wanafanya kazi kubwa sana na nawaheshimu. Ila hata ukiyazidisha mara kumi bado wazee karibu wote watabaki majumbani, sasa hao majumbani nani anawaangalia?

Mi naona vitu viwili vingebadilisha mambo. Kwanza pensheni jamii kwa Bara. Zanzibar walianza Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa kila mwezi awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi au mama wa nyumbani. Huku kwetu pensheni ni ya PSSSF na NSSF, yaani mifuko ya watumishi wa umma na wa sekta binafsi, wakulima wa pamba na mama lishe wengi hawamo, na TASAF, ule mfuko wa kaya maskini, inaangalia umaskini wa kaya, haiangalii umri. Pili, hawa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 2024 wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kwanini kila mmoja asipewe orodha ya wazee wa mtaa wake wanaoishi peke yao, awe anapita anapima presha, anaangalia dawa kama zipo, anaangalia kidonda? Dirisha la wazee hospitali ni zuri, lakini linamsaidia aliyeweza kufika hospitali.

Alafu kuna nyumba yenyewe. Choo cha shimo kipo nje, cha kuchuchumaa, usiku giza, mzee wa miaka 78 na magoti yake. Au tumemjengea ya kisasa tukamuwekea marumaru zinazong'aa bafuni, akiteleza hapo nyonga imekwenda na mara nyingi ndo hanyanyuki tena. Choo cha kukaa, bomba la kushikia ukutani, taa ya njiani, sakafu isiyoteleza, hivyo vyote ni rahisi kuliko kumhamisha mtu mkoa mzima.

Naomba kuwasilisha, karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Moshi

Kaka umeongea vizuri ila hujasema nani anamgeuza mzee saa nane usiku. Mimi nakwambia ni nani, ni binti. Mama yangu alipata kiharusi upande wa kulia, haongei vizuri, anatumia mpira wa mkojo, inabidi ageuzwe kila baada ya masaa mawili asipate vidonda vya mgongoni. Nilikuwa na meza yangu ya nguo soko la Memorial, nimeiacha. Kaka zangu wako Dar na Arusha, wanatuma hela kwenye simu wakituma wamemaliza, hata kupiga kuulizia amelalaje hawapigi. Pampasi za watu wazima zinakula hela kuliko chakula. Dada wa kazi akiona kazi yenyewe anaondoka siku ya tatu.

Kwahiyo ukisema "abaki kwake" kwangu maana yake ni mimi nibaki naye mpaka na mimi nizeeke. Sitaki kumtupa mama yangu na sitamtupa. Ninachotaka ni sehemu ya kulipia hata wiki mbili kwa mwaka, yenye nesi anayejua kazi, nimpeleke nipumzike mgongo kisha nimrudishe nyumbani. Au mtu wa kuja asubuhi tu kumuogesha. Siku moja niliuliza hospitali fulani kama wanafundisha ndugu jinsi ya kumnyanyua mgonjwa kitandani, wakanijibu mpeleke nyumbani mkamwombee.

Mchangiaji, Unguja

Assalam alaykum. Mimi nataka kuitetea nyumba ya wazee kidogo kwa vile huko Bara mnaiona kama aibu. Sisi hapa zipo Sebleni na Welezo, na Pemba ipo Limbani, Sebleni ni ya tangu enzi za Mzee Karume baada ya Mapinduzi. Jambo la Sebleni ambalo watu hawalitii maanani ni pahala ilipo. Ipo ndani ya mji, katikati ya watu. Ramadhani watu wanapeleka futari, Ijumaa watu wanapita na sadaka, maskuli yanakwenda. Mzee wa pale anasikia adhana, anasikia watoto wakicheza, hajatupwa porini. Kwa hiyo mtoa mada ungeuliza inajengwa wapi, maana nyumba ya wazee ya mtaani si sawa na ya kilomita 40 nje ya mji.

Na hio pensheni, ilianza shilingi 20,000, sasa imefika 50,000. Haijengi nyumba, ni kweli. Lakini nimemuona bibi yangu marhumu, akishapokea pesa zake pale kwenye shehia anarudi na sukari yake na samaki wake na anampa mjukuu nauli, na maneno yake nyumbani yalikuwa yanasikilizwa zaidi tangu awe na chake. Tangu 2020 tunayo pia sheria ya mambo ya wazee, namba 2. Bara muna Sera ya Wazee tangu 2003, lakini sera huwezi kuipeleka mahkamani.

Mchangiaji, Magu

Wote mnaongea kama kijijini ni pepo. Mimi ni wa Usukumani, nawaambieni kuna bibi ambaye kumwacha kwake ni kumwacha auawe. Macho mekundu ya moshi, miaka yote anapikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha, wanamwita mchawi. Na mara nyingi ukichimba chini unakuta shamba. Mume kafa, watoto wako mjini, kuna ndugu anataka lile shamba, akifa mtoto wa jirani na malaria bibi ndo anatajwa. Mauaji yamepungua siku hizi sikatai, watu wengi wamepigania hilo, ila hofu ipo. Kwahiyo kabla ya kusema abaki tuulize kwanza anaishi na nani, hati ya shamba ipo wapi, mwenyekiti wa kijiji anamjua? Mzee mwenye mjukuu mkubwa ndani na jina lake limeandikwa kwenye ardhi hasogelewi hovyo.

Mchangiaji, Kilifi

Huyu wa Magu amesema ukweli mtupu, huku kwetu ni vilevile. Kule Ganze kuna Kaya Godoma, wazee waliosingiziwa uchawi wamekimbilia hapo kuokoa maisha yao, na mwingine aliyemfukuza ni mwanawe wa kumzaa, sababu ni shamba. Kenya tuna Kifungu cha 57 cha Katiba kinachosema mzee aishi kwa heshima na apate matunzo ya familia na serikali, na Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwalipa wazee shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi waliofika 70. Nzuri, lakini pesa zikichelewa mzee anakopa dukani, zikija zote ni za deni. Mkianza huko Bara ombeni kwanza zilipwe kwa wakati, kiwango mtaongeza baadaye.

Mchangiaji, Dodoma (mwalimu mstaafu)

Vijana mmesahau kwamba swala la mzee ataishi wapi linaamuliwa siku anapostaafu. Mtumishi anatoka akiwa na miaka 60, kama alikaa kota siku hiyo anatakiwa atoke. Wengi wetu hesabu ilikuwa mkupuo, yaani ile sehemu ya mafao unayolipwa yote kwa mara moja, ukitoka unamalizia nyumba. Kikokotoo, yaani hesabu ya mafao, cha Julai 2022 kikaja na asilimia 33 kwa mkupuo, na waliokuwa wakitegemea 50 nyumba zikabaki kwenye lenta. Mwaka 2024 wakapandisha ikawa 40 kwa wale ambao kabla ya 2022 walikuwa wa 50 na 35 kwa waliokuwa wa 25, tunashukuru. Ila mimi nawaambia mlio kazini, usisubiri mkupuo ujenge. Jenga vyumba viwili mapema, mahali penye maji, zahanati na watu unaoongea nao. Wenzangu waliojenga kwenye kiwanja cha bei rahisi mbali na kila kitu leo wanatafuta wa kuwauzia.

Mchangiaji, Marekani

Niko huku, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba za wazee, Waswahili wengi tu tunafanya hii kazi. Nisikilizeni bila kuhukumu. Wazee wa huku wanaogeshwa, dawa kwa saa yake, wanakula. Na kuna wanaokaa mwezi mzima hakuna aliyekuja kuwaona. Lakini nimeona pia wanaoishi na furaha kabisa, na karibu wote ni wale waliochagua wenyewe wakiwa bado wanatembea, wakaja kukagua chumba, wakaleta kiti chao na picha zao. Waliobebwa tu ghafla baada ya kuanguka, wanalia jioni wakitaka kwenda nyumbani. Bei yake ni kubwa, kuna familia zinauza nyumba ya mzee kulipia. Nikifikiria mama yangu Tanga naona bora ile hela nimlipie jirani anayeaminika apite mara mbili kwa siku, kwa makubaliano ya kueleweka na mshahara, sio ahsante ya sikukuu.

Mtoa mada

Nimesoma zote. Dada wa Moshi, pole sana, na naomba hoja yako iingie kwenye yangu, maana nikisema msaada umfuate mzee wewe ndo mtu wa kwanza wa kusaidiwa. Kaka anayetuma hela atume pia na mwili wake, akae na mama wiki nzima wewe uende sokoni. Na zile wiki mbili za kupumzika, hivi makao kama Njoro yaliyopo hapo hapo Moshi kwanini yasiwe na vyumba vichache vya kulipia kwa muda, hela hiyo isaidie wale wasio na mtu? Hili nalisema nikimaanisha, wabunge wa Kilimanjaro kama mnapita humu lichukueni.

Ndugu wa Magu na wa Kilifi nakubali, kubaki kwake kuanze na usalama wake. Jina la mama kwenye hati, na watoto mlioko mjini mwende mkaonekane hapo kijijini sio kwenye misiba tu. Na wa Unguja umenifungua kwenye hilo la pahala, makao yakijengwa yajengwe mitaani.

Ila lile la kwanza nabaki nalo, aulizwe. Kwenye vikao vya kuuza nyumba za Kariakoo mzee anakalishwa pembeni ananyweshwa soda wakati wanawe wanagawana vyumba vyake. Kama mnaijenga kwa ubia, kwanini kwenye mkataba asiandikiwe chumba cha chini hapo hapo mpaka mwisho wa maisha yake, na kodi ya fremu moja iwe yake kwa jina lake? Mwenye kujua familia iliyofanya hivyo na wakili aliyewaandikia kipengele hicho naomba aeleze hapa walikiandikaje, kuna wazee wawili mtaani kwetu kikao chao ni Jumapili hii.