Mashine ya "hewa ya mlimani" kwa mtu wa presha: nianze au nisianze?

Baba_Maweni (Malindi)

Assalam alaykum wanajukwaa.

Nina miaka 54, fundi wa injini za boti hapa Malindi. Presha ninayo tangu kabla ya korona. Natumia dawa mbili, sirukishi, lakini ikishuka sana inasoma 150 kwa 95. Sasa kuna mahali pa mazoezi upande wa Casuarina wameleta mashine. Unakaa kitini, unavaa barakoa, unavuta hewa iliyopunguzwa oksijeni dakika tano, unaivua na kupumua ya kawaida dakika tano, halafu unarudia. Wanasema inashusha presha, inatoa kitambi na inaongeza damu. Bei yake si ya mchezo, na wanataka ulipie mwezi mzima.

Kijana wangu wa pili anazamia kamba kule visiwani Lamu. Naye amesikia habari hiyo na ameipenda kwa sababu zake, anataka pumzi ndefu.

Nauliza wenye elimu: kuna ukweli wa kitabibu hapo, au pesa zetu tu ndizo zinatafutwa? Mke wangu hataki hata kusikia. Anasema nikilala nakoroma, mara pumzi inakatika mpaka anisukume, sasa nikalipe nikakatwe pumzi na mchana pia.

Kijana_wa_Zoezi (Watamu)

Waalaykum salaam mzee wangu. Mimi naona uanze. Wakimbiaji wetu wa Iten wanashinda dunia nzima kwa hewa hiyo hiyo ya mlimani. Mimi hata mashine sijalipia, nimenunua barakoa yenye valvu, naivaa nikikimbia ufuoni alfajiri, na nasikia kabisa kifua kimefunguka.

Muuguzi_Langoni (Lamu)

Waalaykum salaam Baba_Maweni, na pole na presha. Mimi ni muuguzi, kazi yangu kubwa imekuwa kliniki ya presha na sukari, na kwetu ni watu wa bahari, kwa hiyo maswali yako yote mawili yamenigusa. Nitaanza na alilosema mama nyumbani, maana katika maelezo yako yote hilo ndilo lililonishtua.

Mtu anayekoroma, pumzi ikakatika, akasukumwa ndipo akavuta kwa nguvu, huyo koo lake linajifunga usingizini. Kila likijifunga, oksijeni inashuka kwenye damu. Ubongo unashtuka, moyo unakwenda mbio, mishipa inakaza, anavuta hewa, analala tena bila kujua kilichompata. Ugonjwa ukiwa mkali hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, na usiku mmoja una saa ngapi? Mishipa iliyokazwa usiku kucha haiachii kwa sababu jua limetoka. Ndiyo maana wagonjwa wengi ambao presha yao imezikataa dawa, wakichunguzwa usingizi unakuta shida iko huko. Kaka yangu, oksijeni yako huenda tayari inapanda na kushuka kila usiku, hakuna anayeipima wala anayeizuia. Tibu hiyo ya usiku kwanza, kabla ya kulipia ya mchana.

Naomba unijibu: unaamka kichwa kinauma? Unasinzia ukikaa tu, kwenye matatu au barazani? Unaamka kukojoa mara kwa mara? Mwambie mama akurekodi kwa simu pumzi inapokatika, uende nayo kwa daktari, umwambie wazi kwamba unataka kuchunguzwa usingizi. Tiba ipo: kupunguza uzito, kulala kwa ubavu, kuacha vidonge vya usingizi kama unavitumia, na kwa wengine kamashine kanakosukuma hewa puani usiku ili koo lisijifunge.

Sasa hiyo mashine ya Casuarina. Si uganga. Wataalamu wa Kisovieti walianza mambo haya zamani, wakiwaandaa marubani na wapanda milima. Hewa tunayovuta hapa pwani ina oksijeni asilimia 21, na mashine hizi huishusha mpaka kati ya 10 na 14. Asilimia 11 ni sawa na kukaa karibu na kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199, ila wewe unakaa dakika chache na kuteremka. Mwili una njia yake ya kuuhisi upungufu huo na kuujibu. Waliogundua seli zinavyofanya hivyo, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2019. Mishipa hujifunza kutanuka, na figo hutoa homoni ya kuhimiza chembe nyekundu za damu zitengenezwe.

Wamejaribu kwa watu wa presha, na baadhi ya majaribio yalionyesha ikishuka. Lakini ni vikundi vidogo vya watu, chini ya uangalizi, kile kipimo cha kidole kikisoma oksijeni muda wote, na wakaweka kikomo ambacho ikifika tu barakoa inatolewa, mara nyingi karibu na asilimia 80. Si badala ya vidonge. Mimi lililonipa matumaini zaidi ni jaribio la Marekani la mwaka 2014 kwa watu walioumia uti wa mgongo: walivuta hewa ya asilimia 9 kwa vipindi vya sekunde 90, na baada ya siku chache tu walitembea kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Hivyo dawa inaweza kuwemo humo. Ndiyo maana inaniuma nikiona inauzwa kama ya kutoa kitambi, bila mtu kupimwa hata presha mlangoni.

Kuhusu kuongeza damu, dakika tano tano hazifiki. Wale wa Iten wanaishi mita 2,400 juu, wanakula huko na kulala huko. Mwanariadha anayetafuta damu ya mlimani anahitaji saa nyingi kila siku kwa wiki kadhaa. Na Kijana_wa_Zoezi mwanangu, hiyo barakoa yako haipunguzi oksijeni. Hewa inayopita ni ile ile ya asilimia 21, inapita kwa shida tu. Unachochosha ni misuli ya kuvutia pumzi, basi.

Kuna jambo pwani yetu lazima tuliseme kila mara: selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe za mwenye selimundu hujikunja oksijeni ikipungua, zikaziba mishipa, na maumivu yake tunayajua tunaowalaza watoto hao. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, na hajawahi kuugua, asiguse mashine hizi kabla ya kumwona daktari. Kama hapo mahali hawakukuuliza hilo, usivae barakoa yao. Wengine wa kukaa mbali ni wajawazito, wenye kifafa, na aliyepata kiharusi au shambulio la moyo karibuni.

Kwa presha isiyotulia kama yako, jibu langu ni usianze sasa. Nenda ukachunguzwe usingizi.

Baba_Maweni (Malindi)

Dada, umenifungua macho. Kichwa kinauma kila asubuhi, nikidhani ni moshi wa injini. Kusinzia ndiyo usiseme, hata hotuba ya Ijumaa siimalizi macho wazi. Mama amekubali kurekodi leo usiku. Pesa ya mwezi nimeizuia. Na huyu kijana nimwambie nini?

Mbizi_Kizingitini (Lamu)

Salaam aleikum. Mwambie aache kabisa habari ya kujikatia pumzi. Mimi nimezamia kamba tangu ujanani, kutoka hapa Kizingitini mpaka Kiwayu. Vijana siku hizi wanakaa ukingoni mwa boti, wanahema haraka haraka kifua juu chini, mpaka vidole vinakufa ganzi na midomo inawachonyota, ndipo wanajitupa. Wanasema wanajaza hewa. Na kweli ukishuka hivyo husikii kiu ya pumzi, unaweza kumngoja kamba mpaka atoe pembe zake pangoni. Tulimpoteza mmoja wetu kwa mtindo huo, maji si ya kina, yakiwa meupe unaona chini. Aliyekuwa juu alimwona amelala kifudifudi, akadhani anachungulia jiwe. Alikuwa hodari kuliko sisi sote. Mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza kwa nini hakupanda.

Muuguzi_Langoni (Lamu)

Allah amrehemu, na pole sana kwa nyinyi mliokuwa naye. Nitakueleza.

Kinachokulazimisha upumue si kuisha kwa oksijeni, ni kujaa kwa hewa ukaa. Ukihema haraka, unaitoa hewa ukaa nje. Oksijeni huongezi ya maana, kwa sababu damu ya mtu mzima wa afya tayari imejaa asilimia 97 au 98. Hivyo mzamiaji anashuka kengele yake ikiwa imezimwa. Oksijeni inaisha, yeye anajiona yuko sawa. Akianza kupanda, mgandamizo wa maji unapungua na oksijeni iliyobaki kwenye mapafu inapoteza nguvu yake ghafla, ndiyo maana wengi huzimia mita chache za mwisho. Hakuna maumivu wala dalili. Uhodari haumsaidii, pengine unamponza, kwa kuwa ndiye anayethubutu kukaa zaidi.

Wapo watu walioumbwa kwa kuzamia. Wabajau wa Indonesia, watafiti mwaka 2018 walikuta bandama zao ni kubwa kwa karibu nusu kuliko za majirani zao wa bara, na bandama ndiyo hukamua chembe nyekundu za akiba mtu akiwa chini. Lakini hayo ni ya vizazi na vizazi, mashine ya mwezi mmoja haimpi kijana wako.

Mwambie hivi, na Mbizi_Kizingitini anaweza kumthibitishia: asiheme haraka kabla ya kushuka, pumzi mbili tatu za utulivu zinatosha. Akipanda, apumzike mara mbili ya muda aliokaa chini. Wazamie wawili wawili, mmoja chini, mmoja juu macho majini, si kwenye simu wala kwenye kamba waliokwisha kupatikana. Na aliyetoa kichwa aangaliwe nusu dakika nzima hata kama anaongea, kwa sababu wengine huzimia wakiwa wameshafika juu.