Naomba ushauri: maji ya kisima chetu Langoni yamebadilika ladha, je, ninunue mashine ya kuchuja?

Mkazi wa Langoni:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Kisima cha uani kwetu kilichimbwa na wazee, na miaka yote maji yake tumeyanywa na kuyapikia, yakiwa na munyu kidogo ambao mtu aliyekulia hapa Lamu haumshughulishi. Tangu kaskazi hii yamekuwa mazito mdomoni, chai haina ladha, na sufuria zinashika ukoko mweupe. Alikuja muuzaji wa mashine, akatumbukiza kipimo cha kalamu, kikasoma 940. Kisha akapitisha umeme katika gilasi mbili, moja ya maji ya chupa na moja ya maji yetu. Ya chupa yalibaki meupe, yetu yakageuka tope la kahawia mbele ya macho yetu. Tangu siku ile usingizi umenipaa. Je, mashine ile ndiyo dawa?

Mwalimu wa Kemia:
Waalaykumu salaam. Tope lile halikutoka kisimani, limetoka katika vyuma vya kifaa chenyewe. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri, na umeme ule hukila chuma na kukigeuza kutu. Maji ya chupa yaliyoondolewa chumvi hupitisha umeme kidogo mno, ndiyo maana hayabadiliki. Akirudi, mwombe atie chumvi ya jikoni katika gilasi ya maji ya chupa, kisha awashe tena mbele yako. Ama ile 940, kalamu hukadiria jumla ya chumvi zilizoyeyuka, kwa miligramu katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 600 maji huwa na ladha nzuri, na yakipita 1000 watu huanza kuyakataa. Lakini kalamu haioni kijidudu hata kimoja, wala haitofautishi chumvi ya bahari na uchafu wa chooni.

Mwana wa Shela:
Bibi yangu alikuwa hagusi maji ya kisima kwa kunywa. Alikuwa na jabia la kuhifadhia maji ya mvua, lililopigwa lipu ya chokaa, na katika birika la kuogea tulifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Siku hizi majabia yamegeuzwa ghala, na huku Shela watu wanajenga juu ya machuguu ya mchanga yanayokusanya mvua ambayo mji mzima unaitegemea kwa maji. Tunaiharibu amana tuliyoachiwa, kisha tunakimbilia mashine. Inaniuma sana.

Fundi wa Visima:
Turudi kwenye kisima. Kisiwani, maji baridi, yaani yasiyo na munyu, huelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi. Kwa kanuni inayotumika, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 chini yake, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu na kushusha usawa wa juu kidogo tu, munyu hupanda kwa kasi. Je, mmefunga pampu? Na shimo la choo liko wapi?

Mkazi wa Langoni:
Pampu ipo, kwa sababu vyumba vya juu tumewapangisha wageni na ndoo haitoshi. Shimo limejengwa na fundi mzuri, kwa saruji. Kuhusu mashine, nimekwisha kutoa arubuni, na muuzaji amenihakikishia kwamba inaondoa kila kitu.

Fundi wa Visima:
Niliuliza liko wapi, sikuuliza limejengwaje.

Muuguzi wa Zamu:
Nami naongeza: nani wanayanywa maji hayo? Kuna mjamzito au mtoto mchanga?

Mkazi wa Langoni:
Shimo liko nyuma ya jiko, hatua chache kutoka kisimani. Viwanja vya mji wa kale mnavijua, ningelipeleka wapi? Na yupo mjukuu wangu, hajatimiza miezi mitatu, maziwa ya mama yake yamekatika na anapewa ya kopo. Lakini maji yake tunayachemsha mara mbili, kwa hiyo upande wa mtoto sina wasiwasi.

Muuguzi wa Zamu:
Babu, wasiwasi wangu wote uko upande huo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini uchafu wa chooni huleta pia kemikali iitwayo naitreti, ambayo moto hauiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti huzidi katika yaliyobaki. Mtoto wa chini ya miezi sita akiinywa kwa wingi, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha hugeuka buluu. Kikomo cha Shirika la Afya ni miligramu 50 kwa lita. Usingoje kipimo: leo hii maziwa yake yakorogwe kwa maji ya mvua au ya chupa, yaliyochemshwa mara moja. Ukiona rangi hiyo, hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Na mama apelekwe kliniki, maziwa yaliyokatika huweza kurudishwa.

Mpita Njia:
Mniwie radhi, hadithi hii imepangika mno. Kwanza ladha, kisha muuzaji, kisha shimo, na mwisho kichanga. Naona kesho tutaletewa namba ya simu ya duka la mashine.

Mkazi wa Langoni:
Ndugu, sijaja hapa kuuza. Mimi ni mtu mzima ninayeogopa kumdhuru mjukuu wangu, na ndiyo sababu nilichelewa kumtaja. Ninaloliandika ndilo ninaloliona: jana nilitazama ukuta wa kisima kwa tochi, na upande wa jiko jiwe la matumbawe lina unyevu mweusi, juu kabisa ya usawa wa maji, unaochuruzika.

Fundi wa Visima:
Habari ya unyevu huo haitungwi na mwenye duka. Jiwe la matumbawe limejaa nyufa, na maji machafu hupita humo bila kuchujwa. Mwongozo wa kawaida ni mita 30 kati ya choo na kisima.

Mwalimu wa Kemia:
Tena mwenye kutangaza mashine asingevumilia jaribio langu la chumvi. Kwa haki, mashine ya aina hiyo, utando wake wa kuchujia ukiwa mzima, hupunguza munyu na naitreti. Lakini humwaga maji mengi ili kutoa machache, pampu itavuta zaidi na munyu utapanda zaidi.

Mpita Njia:
Nimesikia. Basi alete majibu ya maabara.

Muuguzi wa Zamu:
Mwite bwana afya achukue sampuli. Chupa itoke maabara ikiwa imetakaswa, isisuuzwe, kifuniko kisiguswe ndani, ikae kwenye barafu na ifike ndani ya saa 6, isipite 24. Ofisi ya Mkemia wa Serikali ina tawi Mombasa. Omba vipimo vya naitreti, kloraidi (ya munyu), na bakteria wa kinyesi, ambao hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100.

Mkazi wa Langoni:
Mtoto anatumia maji ya chupa tangu jana. Bwana afya ameahidi kuja Jumatatu. Arubuni sijaidai, kwa sababu munyu utabaki hata shimo likihama, na wageni wamelipa hadi mwisho wa mwezi, siwezi kuwafungia choo.

Fundi wa Visima:
Basi zima pampu, wageni waletewe maji ya mkokoteni kwa gharama yako, na nyumba nzima isinywe ya kisima mpaka majibu yatoke. Nipigie picha ya unyevu ule kabla ya Jumatatu, na upime kwa kamba kina cha maji asubuhi kabla mtu hajachota.