Najifungua Desemba, biashara ya dagaa Mwaloni namwachia nani? Naombeni ushauri

Mama Ghala

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, uzi ni mrefu kidogo.

Nafanya biashara ya dagaa hapa soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza. Kisiwani siendi mwenyewe. Napokea mzigo wa visiwa vya Goziba na Ukara, nachambua, nafunga upya, nauza kwa magunia kwa wateja wa Kahama, Tabora na wachache wa Dar. Pembeni nakaanga dagaa, nafunga pakiti ndogondogo, nasambaza madukani Pasiansi na Kitangiri.

Nina watoto wawili, wa miaka 10 na wa miaka 6. Baba yao yuko mgodini Geita, anafanya shifti ya wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani. Nakaa na wifi yangu, binti mchapakazi, na nina dada wa kazi anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Sasa Mungu ametujalia wa tatu, natarajia kujifungua katikati ya Desemba.

Mwenye ajira ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria, na mshahara unaingia. Mimi nikikaa siku hizo zote bila kutia mguu ghalani, wateja wa Kahama watakuwa wameshahamia kwa jirani. Na ni Desemba hiyohiyo kikoba chetu kinavunjwa tugawane akiba, Januari shule zinafunguliwa, na mvua za vuli zinakuwa zimeshavuruga uanikaji, kwa hiyo mzigo mkavu ni wa kugombania.

Ila kinachoniuma zaidi si hela. Alfajiri mimi niko Mwaloni, jioni narudi hoi, mkubwa keshafanya kazi za shule peke yake na mdogo keshalala. Juzi huyu mdogo kaniuliza kama mtoto akizaliwa naye atalelewa na shangazi. Nilikosa jibu.

Tuko Agosti, nataka nijipange mapema. Nyie mliolea huku mnaendesha biashara, mlifanyaje? Nifunge miezi mitatu? Nimwachie wifi? Niajiri mtu? Nawasilisha.

Kijana wa Igoma

Hongera dada. Funga, lea mtoto. Dagaa wapo tu, hawamaliziki ziwani.

Binti Mkerewe

@Kijana wa Igoma hawamaliziki ziwani, mtaji ndio unaisha. Kodi ya ghala miezi mitatu utalipa wewe?

Mzee wa Igombe

Mwanangu, hongera. Nimemiliki mitumbwi ya dagaa miaka mingi, na mama watoto wangu alilea huku akianika, kwa hiyo haya nayajua kwa kuyaona.

Nikisoma maelezo yako naona unajipangia kwa wiki, kama mtu wa ofisini. Kazi yako haiendi hivyo. Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishawaka wanatawanyika, taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulipana madeni. Kila mwezi kuna siku kama saba hadi kumi za namna hiyo. Wewe siku hizo bado unaamka alfajiri kwenda Mwaloni kufanya nini? Kupiga soga na wenzio, nawajua nyie.

Chukua kalenda ya ukutani, uzungushie mwezi mpevu wa kila mwezi kuanzia sasa mpaka Machi. Siku hizo ni za nyumba: kliniki, kikao cha wazazi shuleni, kusalimia wakwe, kulala mpaka jua litoke na huyo mdogo pembeni. Giza likirudi, kila mtu nyumbani ajue mama sasa anakimbia. Mtoto wa miaka sita anaweza kuutazama mwezi mwenyewe akajua mama atapatikana lini. Kinachomchosha ni kuambiwa kila asubuhi "leo nawahi", kisha usiwahi.

Binti Mkerewe

Mzee kasema kweli, naongezea tu. Pengo la Mwaloni huwa linachelewa kidogo kuliko la ziwani. Mzigo wa mwisho wa giza bado utaanikwa, utafungwa, utasubiri boti, na kama ni Goziba kuna upepo pia wa kuuchelewesha. Ghala lako linatulia siku chache baada ya mwezi kuwa mpevu, na linaamka siku chache baada ya mitumbwi kurudi kazini. Ukifuata mwezi wenyewe bila kuhesabu hizo siku za kati, utakuwa umekaa nyumbani wakati magunia yanashushwa.

Mtu wa Shifti

Hapa kwenye shifti niachieni mimi. Wiki mbili kwa wiki mbili ni mzunguko wa siku 28. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi. Vikianza pamoja, vinaachana siku moja na nusu tu kila mzunguko. Shemeji akifanikiwa kubadilishana na mwenzake mara moja, akawa yuko nyumbani wakati wa giza na mgodini wakati wa mbalamwezi, basi mpaka Desemba shifti na mwezi vitakuwa vimeachana kama siku sita tu. Yaani wiki unazokimbia wewe, baba yupo na watoto. Wiki anazokuwa mgodini, wewe umetulia. Sijui kwa nini watu wa dagaa na watu wa migodi hawajaligundua hili wakati wanaoana kila siku.

La pili, sheria inampa baba siku 3 tu za likizo ya uzazi, na azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Asizitegemee. Likizo ya mwaka aiombe sasa hivi kwa ajili ya Desemba, akisubiri Oktoba atakuta wenzake wamejaa kwenye orodha. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile stori ya "nimekwama kivukoni" haipo tena. Ukipigiwa usiku kuwa uchungu umeanza, unawasha gari unavuka.

Kijana wa Igoma

Kumbe ndoa za kanda ya ziwa zinahitaji mtaalamu wa hali ya hewa 😂

Mama Ghala

Shikamoo mzee wa Igombe. Umenicheka lakini ni kweli, siku za mbalamwezi naenda tu kwa mazoea, nikikaa nyumbani najiona mvivu. @Mtu wa Shifti nimemsomea baba watoto kwa simu, kasema ataongea na msimamizi wake.

Sasa tatizo langu ni wifi. Simshuku kwa wizi. Tatizo ni kwamba hajui mzigo. Akiletewa wenye unyevu atalipa bei ya mkavu, na wateja wa Kahama wakifungua gunia lina ukungu ndio basi tena.

Jumla Makoroboi

Dada, mimi nauza nafaka, si dagaa, lakini ghala ni ghala.

Kukagua kunafundishika, na una miezi minne. Kuanzia kesho, gunia lolote likiingia yeye ndiye akague kwanza na aseme bei, wewe ndio useme kama kapatia. Achote katikati ya gunia na chini, wajanja wanaweka wazuri juu. Ashike kiganjani afinye: dagaa mkavu analia na kuvunjika, mwenye maji anapinda. Kisha amimine kwenye sinia, atikise, aondoe dagaa, aangalie mchanga uliobaki. Walioanikwa kwenye chanja na walioanikwa chini utawatofautisha hapo hapo. Akikosea sasa hivi, unapoteza gunia moja. Akikosea Januari wewe uko kitandani, unapoteza mteja.

Malipo: usimpe mshahara peke yake. Mpe kiasi kidogo cha kudumu, halafu kiasi fulani kwa kila gunia linalotoka. Kuna watu watasema ni ndugu, anakula kwako, anatosheka. Ndugu asiyelipwa huanza kujilipa.

Hela zote zipite kwenye lipa namba yenye jina lako. Gunia likiuzwa, ujumbe unaingia kwenye simu yako hata kama unanyonyesha. Yeye aandike daftari lenye nakala, jioni apige picha ukurasa wa siku akutumie. Ujumbe wa simu na ukurasa visipolingana, unauliza usiku huohuo, husubiri mwisho wa mwezi.

Halafu mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa mkopo. Hili nalisema kwa herufi kubwa: SIMAMISHA mwisho wa Oktoba. Novemba yote ni kukusanya. Mdaiwa anamwogopa mwenye mali. Wifi ataenda Tabora kwa simu, atapigwa kalenda mpaka mtoto wako aanze kutambaa. Wakikununia wanunie, Machi watarudi.

Zile pakiti za kukaanga achana nazo kwa miezi mitatu. Zinakula muda, faida yake ya vocha.

Binti Mkerewe

@Jumla Makoroboi hapo kwenye pakiti sikubaliani nawe. Pakiti ndiyo kazi pekee anayoweza kuifanya nyumbani, akakaa na wanawe. Magunia ndiyo yanayomtoa alfajiri. Mimi ningemwambia apunguze magunia, abaki na wateja wawili watatu wa uhakika, pakiti aziongeze.

Nesi wa Zamu

Naomba niingilie kabla hamjampikia mtoto mchanga kwenye moshi wa mafuta. Kukaanga kwa kuni au mkaa kwenye nyumba anamolala mtoto wa wiki mbili, hapana. Kama pakiti zitaendelea, wengine wakaangie uani mbali na chumba, wewe ufunge tu. Na kuanzia mwezi wa saba wa ujauzito sitaki kusikia umeinua gunia, hata la kusogeza.

Maziwa: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Ukirudi ghalani kwa saa chache, kamua. Kwenye joto letu la Mwanza yakae nje si zaidi ya saa nne, kwenye friji ni mpaka siku nne. Chupa iandikwe saa. Dada wa kazi afundishwe kabla, asijifunzie kwa mtoto.

Na hao wakubwa wawili, mchana wanakaa wapi wakitoka shule? Kama wanakuja kukusubiri Mwaloni na kucheza majini, wapeleke wapimwe kichocho. Watoto wengi wa ufukweni wanacho na wazazi wanadhani ni uvivu wa shule.

Mama Ghala

@Nesi wa Zamu umenishtua, mkubwa huwa anakuja Jumamosi na wenzake na najua wanaoga. Nampeleka.

Hesabu za Mtaa

Watu wamesahau kalenda ya serikali. Kama unalipa kodi ya makadirio kwa mwaka wa Januari hadi Desemba, awamu ni nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ya Septemba lipa kama kawaida. Ya Desemba usingojee tarehe 31 ukiwa na mtoto wa wiki mbili, toa namba ya malipo mapema uimalize Novemba ukikusanya hayo madeni. Leseni ya biashara nayo angalia inaisha lini, isije ikaishia Januari na wifi akafungiwa ghala.

Kikoba kikivunjwa, usinunulie dagaa hata kilo moja. Nakujua mfanyabiashara, utaona mzigo wa vuli umepanda bei utasema "nichukue kidogo nizungushe". Hela ya kikoba igawe siku hiyohiyo: sare, madaftari na michango ya shule ya Januari upande mmoja, kodi ya ghala mpaka Machi upande mwingine, na chakula cha nyumbani. Elimu ni bila ada, lakini Januari kila mzazi anajua inakuja na orodha yake. Anayekula mtaji Desemba ndiye anayekutwa Februari kwenye mlango wa wakopeshaji wa kausha damu, na wale hawaulizi kama unanyonyesha.

Kijana wa Igoma

Narudi kwenye hoja yangu, bila utani sasa. Watoto wakubwa si waende kwa bibi yao likizo ya Desemba? Nyumba inakuwa nyepesi.

Mama Ghala

Bibi yao yuko Magu na angefurahi sana. Ila nimesema hapo juu mdogo tayari anaona anasukumwa kwa shangazi. Nikimpeleka Magu wiki mtoto anazaliwa, sitakuwa na uso wa kumwangalia. Bibi ndiye atakuja huku. Wa miaka 10 nitampa kazi ya kupokea picha za daftari na kujumlisha, anapenda hesabu, na atakuwa amekaa na mimi.

Kwa hiyo nimefikia hapa, mnirekebishe. Wifi anaanza kukagua mzigo kesho, nimeshamwambia na amekubali kulipwa kwa gunia. Dar nawaaga, nabaki na Kahama na Tabora. Mali kauli mwisho Oktoba. Pakiti sijaamua, nyie wawili mmenichanganya, ila kukaangia ndani hakupo. Nikishajifungua, mwezi wa kwanza sikanyagi Mwaloni kabisa, giza liwe giza. Baada ya hapo nitaenda saa chache wakati mzigo unashuka, mbalamwezi nakaa nyumbani bila kujiona mvivu.

Mzee wa Igombe

Vizuri. Kalenda umeitundika?

Mama Ghala

Bado mzee, naitafuta yenye picha ya mwezi.

Jumla Makoroboi

Zipo kwa wauza vitabu mjini, ila kwa sasa za mwaka ujao hazijatoka. Tumia simu. Na hao wateja wa Dar unaowaaga, kabla hujawaaga nitumie ujumbe binafsi, nina mtu.

Binti Mkerewe

Haya, ushauri umeisha, biashara imeanza 😂 Nami nitumie, dada. Nina dagaa wa chanja wa Ukara, mchanga hamna.