Naomba ushauri: pawabanki kubwa kwenye ndege

Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo nasafiri kwa ndege, nina betri 4 za akiba za kamera na pawabanki ya mAh 30,000. Najua za akiba haziwekwi kwenye begi la kukabidhi, naingia nazo ndani, na ncha zake nimeshaziziba kwa selotepu. Hizo za kamera ni ndogo, hazinisumbui. Shida ni pawabanki: Ah 30 (ndiyo mAh 30,000) mara volti 3.7 za betri napata Wh 111 (wati-saa, kipimo cha nishati), na ikivuka 100 hadi 160 inatakiwa ruhusa ya shirika la ndege. Halafu maandishi ya pembeni yamefutika, inasomeka "30" tu, tena kwa kuinamisha kwenye mwanga! Aliyewahi kupita na kama hii, ruhusa uliomba mapema au pale kaunta? Wakaguzi walikubali bila maandishi? Au niiache tu?